Mkaguzi Hamkagui Mtu Wake

Jina la Lameck lilikuwa la kumi na nne katika orodha, na chini yake yalikuwapo majina mawili ya wanawake. La kwanza Aurore alilitarajia. La pili lilimfanya avue glavu ya mpira aliyokuwa ndiyo kwanza ameivaa, akakisugua kioo cha kishikwambi kwa kidole kitupu kana kwamba jina lile lilikuwa tone la chai lililomwagikia hapo.

Tereza, mama.

Tiana, mchumba.

Hakuna kilichofutika.

Ilikuwa saa moja na robo ya asubuhi, mwezi wa Januari, na nyuma ya madirisha makubwa ya uwanja wa ndege wa Stockholm giza lilikuwa bado limekaa juu ya theluji. Siku hiyo kikosi cha Lameck kilikuwa kinaondoka kwenda Latvia kwa miezi sita. Kwa ajili yao ulikuwa umefunguliwa Mstari wa Kwanza, ambao wafanyakazi waliuita mlango wa buti. Mwanajeshi na jamaa zake walioandikishwa mapema hawakupanga foleni pamoja na watalii. Hawakuvua viatu, mizigo yao haikufunguliwa ila mashine ilipolia, na jamaa hao, hata kama hawakuwa na tiketi, walipewa kibali cha kumsindikiza mtu wao mpaka chumba cha kuondokea.

Kwa wengine huo ulikuwa unafuu wa nusu saa. Kwa Aurore ulikuwa jambo kubwa zaidi, kwani alikuwa amewabembeleza wenzake wawili wabadilishane naye zamu ili asubuhi hiyo asimame yeye, na si mwingine, kwenye meza ile ya ukaguzi.

“Utapita mkononi mwangu,” alikuwa amemwambia Lameck Jumapili.

“Nitakuja na mama peke yake. Utanipa trei, nami nitakugusa kidole. Nitakwenda na hicho miezi sita.”

Penzi lao lilikuwa na umri wa miaka miwili, nalo lilikuwa limezoea kuishi kwa makombo kama hayo. Aurore alikaa Jordbro na mama yake, Lameck alikaa Södertälje na wa kwake, na mahali pao pa kukutania palikuwa Älvsjö, reli za pande zote mbili zinapokutana. Hapo, kwenye benchi la kituo, waliziacha treni zipite, moja baada ya nyingine, kila mmoja akisema atapanda inayofuata. Hapo ndipo Aurore aliposhona kidole gumba cha glavu nyeusi ya Lameck kilichokuwa kimetatuka, akatumia uzi mwekundu kwa kuwa hakuwa na mwingine mkobani. Na hapo ndipo, mwezi wa Oktoba, Lameck alipomwambia habari za orodha.

“Nafasi ni mbili. Moja ni ya mama. Ya pili ni yako.”

“Wakiniandika, wataleta barua nyumbani.”

“Barua tu, Aurore.”

“Kwetu hakuna barua tu.”

Naye alisema kweli. Tangu walipofika Sweden, Mama Perpétue aliichukua kila bahasha yenye dirisha, akaiweka mezani chini ya bakuli la sukari, akamngoja binti yake arudi. Hapo husema maneno yale yale: “Soma. Inasema nini?” Aurore alianza kusoma barua hizo akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa na ishirini na saba. Alisoma za hospitali, za nyumba, za uraia, hata ile ya mwalimu iliyomshtaki yeye mwenyewe kwa utoro. Hakuwahi kumdanganya mama yake akiwa ameshika barua. Na mama yake, aliyekimbia vita Uvira usiku mmoja akiwa amembeba Aurore mchanga mgongoni, alikwisha kusema neno moja kuhusu wanaume wenye sare: “Buti hazitasimama mlangoni pangu. Nilizisikia za kutosha.”

“Usiniandike,” Aurore alimwambia Lameck.

Lameck aliziacha treni mbili zipite. “Basi nafasi itabaki wazi.”

Na sasa ilikuwa imejazwa. Tena imejazwa na nani? Tiana! Aurore alimfahamu kwa picha. Alikuwa binti wa mtaa wa Tumba, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la akina Lameck, ambaye Mama Tereza alimsifu kwa kupika, kwa kuimba na kwa kuamka mapema. Lameck alipomsimulia sifa hizo walikuwa wakicheka wote wawili. Aurore alijaribu kukumbuka ni nani kati yao aliyeacha kucheka kwanza.

“Mbona umeikodolea macho? Orodha imekutukana?”

Aliyeuliza alikuwa Malik, msimamizi wa zamu, mtu wa makamo aliyezaliwa Stockholm na wazazi wa Mombasa, mzaha wake ukiwa wa Kiswahili na ukali wake wa Kiswidi.

“Hapana, kaka Malik. Nasoma majina.”

“Kama yumo mtu wako, sema sasa. Kanuni unaijua.”

“Mkaguzi hamkagui mtu wake.”

“Ananyosha mkono, anataja uhusiano, anasogea kando, tunajaza fomu, kwisha. Noah alinyosha mkono kwa ajili ya mama mkwe wake. Tulimcheka wiki nzima, lakini alinyosha. Unaye mtu?”

“Sina.”

Malik akaenda zake. Aurore akaivaa glavu tena, na alipoinua macho akawaona wanakuja.

Lameck alitangulia, mrefu katika sare yake, begi begani. Mama Tereza alifuata, kitenge cha bluu kikichungulia chini ya koti zito. Na Tiana alikuwa kando ya Lameck, katika koti la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa nyembamba nyembamba, si msuko wa jana wala wa juzi, bali msuko wa safari. Alikuwa mzuri kuliko picha zake. Hilo Aurore alilichukia kabla ya mengine yote. Kisha Tiana akanyosha mkono, akaondoa unyuzi kwenye bega la Lameck, polepole, kama mtu anayesafisha kitu chake.

“Shikamoo, mama,” Aurore alisema.

“Marahaba, mwanangu! Kumbe hapa mnasema Kiswahili? Tiana, umesikia? Tumefika nyumbani.”

“Habari za asubuhi,” alisema Lameck.

Aliitamka salamu hiyo kama walivyokubaliana, yaani kama mtu anayemsalimu mgeni. Macho yake yalisema mengine, yalisihi na kueleza na kuomba dakika moja tu, lakini Aurore hakutaka kuyasoma. Alisukuma trei mezani. Kidole cha Lameck kilitafuta cha kwake chini ya ukingo wa trei, naye akakiondoa cha kwake.

“Huyu ni mwanangu wa pekee,” Mama Tereza alieleza, maana furaha na huzuni vilikuwa vimemfungua kinywa. “Anakwenda miezi sita kwenye baridi kali kuliko hii. Na huyu ni mkwe wangu mtarajiwa.”

“Mama,” alisema Lameck.

“Mama nini? Nimesema mtarajiwa. Au hata kutarajia kuna kodi?”

“Hongereni,” alisema Aurore.

Begi la Lameck lilipita katika mashine, kimya. Mkoba wa Mama Tereza ukapita, kimya. Mkoba wa Tiana ukapita, na taa ikawaka kijani, rangi ya ruhusa. Aurore aliitazama taa, kisha akautazama mkono wa Tiana uliokuwa ukirekebisha ukosi wa Lameck.

“Mkoba huu ufunguliwe.”

“Umelia?” aliuliza Tiana.

“Ufunguliwe, tafadhali.”

“Nimeambiwa mizigo ya jamaa wa wanajeshi haifunguliwi.”

“Ya jamaa, ndiyo,” alisema Aurore, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa ubaridi wake.

Tiana akaufungua. Vikatoka kitana, mafuta ya mikono, kitabu cha nyimbo, na kopo la dagaa wa Kigoma waliokaangwa, limefungwa kwa leso mara mbili. Chini kabisa zilikuwamo glavu nyeusi za sufi, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Aurore aliziinua.

“Hizi ni zako?”

“Ni za Lameck. Alizisahau garini.” Tiana akatabasamu kidogo, akitafuta urafiki. “Tazama mshono wenyewe, dada. Uzi mwekundu kwenye glavu nyeusi! Nilitaka kuufumua niushone vizuri, akanikatalia. Akasema zikae hivyo hivyo.”

Mwanamke mwingine, au Aurore mwenyewe siku nyingine, angeyasikia maneno hayo yote mpaka mwisho. Lakini wivu una sikio moja tu. Katika yote yaliyosemwa, yeye alisikia neno garini.

“Vua viatu.”

“Dada?”

“Viatu. Kwenye trei.”

Hakuna aliyekuwa amevua viatu katika Mstari wa Kwanza asubuhi ile. Wanajeshi wawili waliokuwa nyuma walitazamana. Tiana alivilegeza viatu vyake virefu, kimoja, halafu cha pili, akasimama juu ya sakafu baridi kwa soksi. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole kidogo kilichopakwa rangi kilijikunja kujificha. Koti la rangi ya maziwa, msuko wa safari, na tundu lile. Aurore aliliona. Alitegemea kufurahi, akakuta hana furaha yoyote.

“Mwanangu,” alisema Mama Tereza taratibu, “tumekukosea nini?”

“Aurore,” alisema Lameck. “Inatosha.”

Mama Tereza aligeuka. Kitambulisho cha Aurore kilikuwa na namba tu, hakikuwa na jina.

“Unamjua huyu?”

Lameck alimgeukia mama yake. “Nilimwahidi mtu kwamba sitalitaja jina lake mbele yako mpaka aniruhusu. Nimekwisha kulitaja, anisamehe. Yaliyobaki mwulize yeye.”

“Binti, unamjua mwanangu?”

Aurore aliiona njia yote ambayo jibu lake lingepita: kutoka kwa Mama Tereza hadi kwenye kwaya, kutoka kwenye kwaya hadi kwa wanawake wa Jordbro wanaonunua unga duka moja, na jioni likawa limefika mezani, kando ya bakuli la sukari, kabla yake.

“Ninamjua,” alisema, “kama ninavyowajua wasafiri wote.”

Lameck aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekiazimisha. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alivichukua viatu vya Tiana kwenye trei, akainama, akaviweka sawasawa mbele ya miguu yake.

“Vaa, utapata baridi.”

Kisha akazichukua glavu zake mezani, akazivaa moja moja. Gumba lenye uzi mwekundu lilizunguka mkanda wa begi, likauinua, likaanza kuondoka.

“Kaka Malik!”

Mkono wa Aurore ulikuwa juu, glavu ya mpira ikining’inia kwenye vidole viwili. Hakujua ameunyosha lini.

Malik alikuja kwa hatua zake za Kiswidi. Alitazama mkoba uliofunguliwa, taa ya kijani, soksi za Tiana. Mzaha ulimtoka usoni.

“Sema.”

“Siwezi kumkagua mtu huyu. Nilipaswa kusema mapema.”

“Uhusiano?”

“Ni wangu.”

“Fomu haina neno hilo.”

“Andika mchumba.”

Malik alikisoma kishikwambi. “Mchumba tayari yupo hapa.”

“Basi mmoja wetu ameandikwa kwa makosa.”

“Aliyeandika ni mimi!” Mama Tereza alisema, na wote wakamgeukia. “Ndiyo, mimi. Fomu ilikuja kuulizia nafasi ya pili, ikakaa juu ya friji wiki tatu, nafasi wazi. Nikamwambia, jaza. Akasema iache. Nani anaacha nafasi wazi kwenye karatasi ya serikali? Mimi hapo silali. Nikamwomba Tiana namba zake, nikajaza, nikatuma.”

“Nilijua jana jioni,” Lameck alimwambia Aurore. “Nilikupigia mara nne.”

“Nilikuwa mezani na mama.”

“Ninajua. Siku zote uko mezani na mama.”

Hilo halikuwa tusi, lilikuwa kweli tu.

Tiana alikuwa amemaliza kufunga viatu. Alisimama wima, akazitazama glavu za Lameck kwa muda, halafu akamtazama Aurore.

“Uzi mwekundu ni wako.”

“Ni wangu.”

“Mimi niliambiwa nafasi iko wazi. Kwamba imeachwa wazi kwa ajili ya mwingine, hakuna aliyeniambia, si mama wala yeye.” Alivirudisha vitu mkobani kimoja kimoja. Kopo la dagaa alilibakiza nje, akamkabidhi Lameck. “Hata wewe ungeniuliza tu, dada. Ningekujibu nikiwa nimevaa viatu.”

“Nisamehe, Tiana.”

“Leo siwezi. Labda wiki ijayo.”

Akambusu Mama Tereza shavuni, akageuka, akaondoka kuelekea treni, kichwa juu. Nyuma yake koti lile la rangi ya maziwa lilipendeza vilevile, na Aurore, pamoja na aibu yake yote, aliona kwamba Lameck naye alilitazama mpaka likapotea. Moto ule ukamchoma upya. Alijua angeubeba miezi yote sita.

“Nafasi yake nipewe mimi?” Aurore alimwuliza Malik. “Nimsindikize?”

“Kibali hakihamishwi,” alisema Malik. “Na fomu ni mbili. Moja ya uhusiano. Ya pili ya mkoba uliofunguliwa taa ikiwa kijani, na viatu. Mstari huu hutauona tena mpaka Machi. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Sasa simama kule, nyuma ya ule mstari wa manjano. Yeye atasimama huku. Mimi nitaukagua mkanda wake, na mkanda huu,” aliutazama kwa uzito mkubwa, “naona utanichukua dakika tatu.”

Wakasimama, mstari wa manjano katikati.

“Umesema mbele ya mama yangu,” Lameck alinong’ona.

“Baada ya kukukana.”

“Hilo nimelisikia pia.”

“Umepanda naye gari moja.”

“Mama alikaa mbele na dereva, Tiana nyuma, na dagaa walikuwa kati yangu na yeye.”

“Usinichekeshe. Bado nina hasira.” Akafuta macho kwa mkono. “Ulimtazama alipoondoka.”

“Nilikuwa nikiona haya, Aurore. Tulimtumia binti wa watu kujazia nafasi ambayo mimi na wewe tuliogopa kuijaza. Hapo nani hatatazama?”

Mama Tereza, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, alikohoa. “Kwenu ni wapi?”

“Uvira, mama. Sasa Jordbro.”

“Mama yako anajua?”

“Hajui.”

“Kumbe si mimi peke yangu.” Na alionekana kufarijika kidogo.

Lameck aliivua glavu ya kushoto, ile yenye uzi, akainyosha juu ya mstari wa manjano. “Kaa na hii. Mimi nitakwenda na moja. Nikiulizwa ya pili iko wapi, nitataja jina lako lote.”

Dakika tatu zikaisha. Aliingia chumba cha kuondokea akiwa na mama yake, mkono mmoja mweusi na mmoja mtupu.

Malik alileta fomu. “Nakala ya uamuzi, uipate kwenye simu au kwa posta?”

Aurore aliikunja glavu ya sufi ndani ya kiganja.

“Kwa posta,” alisema. “Nyumbani.”

Bahasha ilifika Jumanne. Aliporudi kutoka kazini ilikuwa chini ya bakuli la sukari, na Mama Perpétue alikuwa amekwisha kumimina chai.

“Ina dirisha,” alisema. “Soma. Inasema nini?”

Aurore alivuta kiti, akaifungua, akasoma kila neno kwa Kiswahili kilichonyooka. Alisoma jina la Lameck na cheo chake cha jeshi. Alisoma neno mchumba, na kwamba uhusiano huo una miaka miwili, bila kushusha sauti. Alisoma habari za mkoba wa Tiana, za taa ya kijani, za viatu, na adhabu yake mpaka Machi. Kisha akaikunja barua, akaiweka mezani, akangoja.

Mama Perpétue alikoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa.

“Miaka miwili?”

“Ndiyo, mama.”

“Na huyu Tiana aliyevuliwa viatu, ni nani?”

“Binti ambaye mama yake Lameck alimwandika kuwa mchumba.”

“Ni mzuri?”

Ilimchoma, lakini alikuwa ameshika barua. “Mzuri sana, mama. Na anaimba.”

Kijiko kilisimama.

“Yaani,” alisema Mama Perpétue, kila neno likipanda juu ya lililotangulia, “wameandika mtoto wa watu mahali pa mtoto wangu, na wewe umekaa, na mimi nimekaa, tunakunywa chai?”

“Mama, ni mwanajeshi.”

“Nimesikia. Umesoma vizuri.” Akautazama mlango wa nyumba, zulia lake dogo, na jozi mbili za viatu vya wanawake zilizopangwa hapo miaka yote hiyo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. “Akirudi, aje. Lakini buti azivulie nje, kwenye theluji. Aingie kwa soksi, kama huyo binti.”

“Atarudi Julai, mama. Hakutakuwa na theluji.”

“Basi azivulie kwenye majani,” alisema Mama Perpétue, akamsogezea sukari.